Fats Waller alianza kwa kuiga, hakuishia hapo

Msomaji aliyezoea kuona piano ikipigwa na mtu aliyeketi mbele yake huenda akashtuka akiingia chumbani na kuikuta ikijipiga. Vibao vyake hushuka na kuinuka kana kwamba vinabonyezwa na vidole visivyoonekana, ilhali kiti ni kitupu. Siri yake si jini, bali ni gombo la karatasi lililotobolewa matundu. Wapo hadi leo, hasa Marekani na Uingereza, wapenzi wa ala kongwe ambao huiacha piano ya aina hiyo ijipige, kisha wakaketi kwenye kinanda kikubwa cha thieta na kupiga sambamba nayo. Aliyerekodi gombo hilo pengine alifariki miaka themanini iliyopita. Anayemfuata kwa kinanda yu hai. Mmoja anaongoza lakini hasikii. Mwingine anasikia, na hana budi kufuata.

Mandhari hayo hunikumbusha maisha ya mtu aliyezijua ala hizo mbili kuliko wengi wa enzi yake: Thomas Wright Waller, Mmarekani mweusi ambaye ulimwengu ulimjua kwa lakabu ya Fats, yaani Bonge. Aghalabu watu humkumbuka kwa ucheshi wake, kofia iliyoinamishwa upande mmoja na nyusi zilizocheza alipoimba. Hayo ni sawa, lakini si yote. Maisha yake yana funzo zito kuhusu tofauti ya kuiga na kujifunza, na sisi walimu pamoja na wanafunzi wetu tunalihitaji funzo hilo kuliko wakati mwingine wowote.

Waller alizaliwa jijini New York tarehe 21 Mei 1904. Wazazi wake, Edward na Adeline, walikuwa wamehamia huko kutoka jimbo la Virginia. Baba alikuwa mtu wa Biblia na nidhamu, mhubiri asiyekuwa kasisi, ambaye hakuona haya kusimama barabarani mtaani Harlem na kuwahubiria wapita njia. Mama alipenda muziki. Watoto walizaliwa wengi, na baadhi yao wakafariki wangali wachanga. Thomas alianza kugusa piano akiwa na umri wa miaka 6 hivi, na alipotimiza miaka 10 alikuwa akipiga kinanda kidogo cha mivukuto ya miguu katika ibada za babake. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kwa kijana huyu methali hiyo ilitimia neno kwa neno: hakuwa mhubiri kama babake alivyotarajia, lakini mivukuto aliivukuta kwa miguu yake mwenyewe.

Hata hivyo, kinanda alichokitamani kilikuwa kingine. Miaka hiyo sinema zilikuwa bubu. Picha zilisogea na waigizaji walifungua vinywa, lakini sauti haikusikika. Thieta kubwa ziliajiri bendi nzima ili kukijaza kimya hicho, na bendi ni ghali. Mhandisi Mwingereza, Robert Hope-Jones, aliyehamia Marekani na kujiunga na kampuni ya Wurlitzer mwaka wa 1910, ndiye aliyeleta dawa. Alitumia umeme kuunganisha vibao na mabomba ya upepo, hivi kwamba mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja aliweza kuyaamuru mabomba yaliyofichwa nyuma ya kuta, pamoja na ngoma, kengele, marimba na pengine piano halisi iliyowekwa kando. Mikono ilipiga safu kadhaa za vibao, miguu ikapiga sauti nzito kwenye pedali, na macho yakabaki kwenye picha. Farasi akikimbia, kinanda kilikimbia. Bibi harusi akilia, kinanda kililia pamoja naye.

Harlem ilikuwa na thieta iitwayo Lincoln, katika Barabara ya 135, iliyowahudumia watazamaji weusi. Maizie Mullins, mwanamke aliyepiga piano humo, alimruhusu kijana Waller kuketi kando yake na kutazama. Haukupita muda mrefu kabla hajaanza kushika nafasi kwenye kinanda. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi aliacha masomo katika shule ya upili ya DeWitt Clinton, akaajiriwa hapo Lincoln kwa dola 23 kwa wiki. Babake alihuzunika mno, kwa kuwa aliuona muziki wa aina hiyo kuwa kazi ya shetani. Lakini historia nayo ina kejeli zake: jengo la thieta hiyo baadaye liligeuzwa kuwa kanisa.

Mwaka wa 1920 mamake alifariki. Kijana hakuweza tena kukaa katika nyumba iliyokuwa na baba tu na huzuni. Alihama, akapokewa na jamaa ya mpiga piano mmoja, Russell Brooks. Humo nyumbani mlikuwa na piano ya kujipiga. Wakati huo haikuwa ala ya ajabu Marekani; kufikia mwaka wa 1923 zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa nchini humo zilikuwa za kujipiga. Gombo la karatasi hupita juu ya mwamba wa chuma wenye safu ya vitundu. Tundu la karatasi likikutana na kitundu cha mwamba, hewa hupita, na mvukuto mdogo ulio ndani hukishusha kibao husika. Basi Waller alikuwa amerudi tena kwenye mivukuto.

Miongoni mwa magombo yaliyovuma Harlem lilikuwamo lile la utungo uitwao Carolina Shout, uliotungwa na kupigwa na James P. Johnson. Johnson, aliyezaliwa mwaka wa 1894, alikuwa bingwa wa mtindo wa straidi, ambamo mkono wa kushoto huruka bila kupumzika kati ya noti nzito ya chini na sauti za katikati, mithili ya mtu apigaye hatua ndefu, huku mkono wa kulia ukicheza kwa uhuru juu yake. Waller alipunguza kasi ya gombo, akatazama vibao viliposhuka, kisha akaviweka vidole vyake katika mabonde yaliyoachwa na vidole vya Johnson. Akarudia na kurudia hadi mikono ikakariri njia. Duke Ellington, aliyekulia Washington, alijifunza utungo uo huo kwa njia iyo hiyo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanamuziki, na kila nikifikiria gombo la piano huona maandishi. Maandishi huhifadhi sehemu tu ya usemi. Chukua neno barabara. Karatasini ni herufi zile zile nane. Kinywani, shadda ikiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Shadda ikisogea nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa kabisa. Asiyewahi kumsikia mzungumzaji hawezi kulijua hilo kwa kuzitazama herufi. Vivyo hivyo gombo la kawaida lilionyesha ni noti ipi, ianze lini na ikome lini. Halikuonyesha uzito wa kidole.

Wahandisi walilitambua pengo hilo mapema. Kampuni ya Welte ya Ujerumani ilizindua mtambo wake wa Welte-Mignon mwaka wa 1904, na huko Marekani ikafuata mitambo ya Duo-Art na Ampico. Katika magombo ya mitambo hiyo, matundu ya ziada kandokando ya karatasi yaliamuru nguvu ya sauti na matumizi ya pedali, kusudi upigaji wa mhusika urudi kama ulivyokuwa. Mabingwa wakubwa, akiwamo Rachmaninoff, walirekodi magombo ya namna hii. Yalikuwa maajabu, na hadi leo yanapopigwa msikilizaji huweza kudhani kwamba marehemu amerejea. Lakini hata gombo lililo bora kupita yote lina upungufu usiotibika: haliwezi kumsikiliza anayepiga kando yake. Ukipotea halikungoji. Ukigundua jambo zuri halikujibu.

Waller alihitaji mtu wa kumjibu, na bahati ilimjalia. Kupitia kwa Brooks alikutana na Johnson mwenyewe, na yule bingwa akakubali kumfundisha. Inasimuliwa kwamba kijana aling'ang'ania piano ya mwalimu wake hadi saa nane au tisa za usiku, mpaka mke wa Johnson akawa hana budi kumwambia aende nyumbani. Mikono yake ilikuwa tayari inaujua utungo wa mwalimu. Alichokosa ni kile ambacho karatasi haikukibeba: uzito, pumzi, sababu ya noti hii kukawia na ile kuwahi. Johnson alimpa hayo, kisha akampeleka katika vikao vya usiku vya Harlem ambako wapiga piano walishindana ana kwa ana, na ambako aliyeiga tu alijulikana mara moja.

Alichopokea Waller hakukificha. Karibu mwaka wa 1924 kijana mmoja kutoka New Jersey alizoea kuingia Lincoln na kuketi karibu na kinanda, akiitazama miguu ya Waller ikitembea kwenye pedali. Waller alimwona, akamwita akae kando yake, akamfundisha. Kijana huyo alikuwa Count Basie, ambaye baadaye aliongoza mojawapo ya bendi kubwa kabisa za jazi. Waller alikuwa amemzidi umri kwa miezi 3 tu. Ualimu hauna uhusiano na mvi.

Mwaka wa 1922 alirekodi santuri zake za kwanza za piano kwa kampuni ya Okeh, na mwaka wa 1923 kampuni ya QRS ikaanza kuuza magombo yaliyotokana na mikono yake. Aliyeweka vidole katika mabonde ya mwingine sasa alikuwa akiwaachia wengine mabonde yake. Mnamo Novemba 1926 kampuni ya Victor ilimwita Camden, New Jersey, katika kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa studio, akarekodi kwa kinanda cha mabomba tungo mbili, St. Louis Blues na Lenox Avenue Blues. Ni watu wachache sana waliokuwa wamefikiria kwamba ala hiyo nzito ingeweza kuchezesha jazi. Mtoto wa mhubiri alikuwa ndani ya kanisa, kwenye kinanda, akipiga muziki ambao babake aliukana.

Lakini tukio ambalo kwangu ndilo kilele cha maisha yake lilitokea studioni humo humo mnamo Machi 1928. Wanamuziki wanne walikusanyika na kurekodi kwa jina la Louisiana Sugar Babes. Jabbo Smith alipuliza korneti, Garvin Bushell akapuliza ala za mwanzi. Waller aliketi kwenye kinanda cha mabomba. Na kwenye piano aliketi James P. Johnson. Yule aliyekuwa zamani matundu ya karatasi sasa alikuwa mtu mwenye mwili na damu, na mwanafunzi wake hakuwa tena akifuata nyuma.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Sauti ya kinanda cha mabomba huchelewa kumfikia mpigaji, na huchelewa zaidi mabomba yanapokuwa mbali naye. Akingoja kuisikia ndipo aendelee, wenzake wamekwisha kumwacha. Sharti vidole vitangulie mdundo kwa kadiri anayoikisia kichwani, huku masikio yakiwasikiliza wenzake. Katika santuri hizo piano na kinanda havigombani. Johnson humwachia mwenziwe nafasi, Waller naye hujaza pale panapohitaji kujazwa na kunyamaza panapotosha. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Aprili 1928, utungo mkubwa wa Johnson uitwao Yamekraw ulipigwa katika ukumbi maarufu wa Carnegie. Mwalimu alizuiwa na kazi ya maonyesho. Aliyeketi kwenye piano badala yake alikuwa Waller.

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikibadilika. Filamu ya The Jazz Singer ilionyeshwa mwaka wa 1927, sinema zikaanza kusema, na katika miaka michache wapiga vinanda wa thieta wakapoteza ajira. Piano za kujipiga nazo ziliangushwa na redio na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Ala mbili zilizomlea Waller zikazama karibu kwa pamoja. Aliyejua kuendesha mtambo tu alizama nao. Waller hakuzama, kwa sababu alichokijua hakikuwa ndani ya mtambo. Aligeukia utunzi, uimbaji na redio. Kuanzia mwaka wa 1932 alitangaza katika kituo cha WLW cha Cincinnati, na kuanzia mwaka wa 1934 bendi yake ndogo ilirekodi mamia ya nyimbo kwa kampuni ya Victor.

Tusimpambe kupita kiasi. Waller alikuwa mlevi na mlafi, na pesa kwake zilikuwa maji mkononi. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka wa 1923, na kwa kushindwa kulipa pesa za matunzo alipata kuonja jela. Mwandani wake katika utunzi alikuwa Andy Razaf, mshairi ambaye jina lake kamili, Andriamanantena Razafinkarefo, lina asili katika bahari yetu hii ya Hindi: baba yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Bukini, jamaa ya Malkia Ranavalona wa Tatu. Mwaka wa 1929 wawili hao walitoa nyimbo kama Ain't Misbehavin' na Black and Blue, huu wa pili ukiwa kilio cha mtu anayeteswa kwa rangi ya ngozi yake. Mwaka huo huo Waller alimwuzia mchapishaji haki zake katika nyimbo karibu 20, zikiwamo hizo mbili, kwa dola 500. Nyimbo hizo ziliendelea kuwatajirisha wengine kwa miongo mingi. Kujua kazi ni jambo moja, kujua thamani ya kazi yako ni jingine, na hilo la pili hakuna aliyemfundisha.

Umma ulimtaka acheke na kuchekesha, naye aliuridhisha. Kinanda, alichokipenda kuliko piano, alikipiga pale tu alipopewa nafasi. Nafasi moja ilikuja London mnamo Agosti 1938, katika studio za Abbey Road zilizokuwa na kinanda cha thieta kilichoundwa na kampuni ya Compton. Mbali na nyimbo za starehe, Waller alirekodi humo nyimbo za kiroho za watu weusi, zikiwamo Deep River na Go Down Moses, zilizoanza kuimbwa na watumwa. Alizipiga peke yake, bila mzaha wowote. Kinanda kilichoundwa kwa ajili ya sinema kilirudishwa ibadani na mtoto wa mhubiri wa barabarani.

Aliaga dunia tarehe 15 Desemba 1943, kwa ugonjwa wa nimonia, ndani ya gari moshi lililokuwa likimrejesha nyumbani kutoka pwani ya magharibi, lilipofika Kansas City. Alikuwa na umri wa miaka 39. Ibada ya mazishi ilifanyika Harlem katika kanisa la Abyssinian Baptist. Mwili ulichomwa kama alivyotaka, na majivu yake yakatawanywa juu ya mtaa uliomlea.

Kwa nini niwasumbue walimu na wanafunzi kwa habari za marehemu huyu? Kwa sababu kila muhula husahihisha insha ambazo sentensi zake nimezisoma kwingine. Zamani zilitoka katika madaftari ya waliotangulia. Siku hizi zinatoka pia katika kompyuta zinazotunga ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Wapo wenzangu wanaosema kwamba kuiga ni dhambi, na kwamba tiba ni kukataza. Sikubaliani nao. Waller aliiga, tena noti kwa noti, na asingeiga asingefika popote. Mtoto hujifunza lugha kwa kuiga sauti za mamake. Hakuna aliyezaliwa na sarufi yake mfukoni. Kosa halimo katika kuweka vidole kwenye mabonde ya bingwa. Kosa ni kuviacha humo maisha yote, na kosa kubwa zaidi ni la mwalimu anayesikia mabonde hayo, akatoa alama, akaenda zake.

Karatasi inaweza kumwonyesha mwanafunzi palipopita vidole vya waliotangulia. Haiwezi kumsikia anapokosea, wala kufurahi anapopata. Kazi hiyo ilifanywa na James P. Johnson nyumbani kwake usiku wa manane, na ikafanywa na Waller alipomwita kijana aliyekuwa akiitazama miguu yake. Ndiyo kazi yetu pia sisi tulio madarasani. Na wewe mwanafunzi, ukishayakariri matundu yote ya gombo, mtafute mtu aliye hai, uketi kando yake, upige akisikia.